Anayebeba birayi naye ale: chakula na kinywaji baada ya safari ya chukudu na kinga



Hapa Alimbongo tunajua kuhesabu kila kitu cha shamba la birayi: kilo za mbegu, mifuko ya mbolea, siku za palizi, bei ya kule Butembo. Lakini kuna gharama moja ambayo mara nyingi haiingie katika daftari: nguvu ya yule mwenye kuteremusha mzigo. Lori likikosa mafuta, tunalisubiri. Mtu wa chukudu au wa kinga akikosa chakula, tunamwambia tu "pole", na kesho tunamupa mifuko mingine.

Mwili unapoteza nini

Barabara ya kuelekea Kitsombiro na Lubero inashuka na kupanda tena. Kwenye muteremko, mutu wa chukudu anashika usukani na kukanyaga breki, kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye mupando anashuka na kusukuma kwa mabega na mapaja. Wa kinga pia, mzigo ukizidi, anatembea pembeni akiisukuma. Hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Katika kazi hiyo mwili unatumia akiba ya sukari iliyo ndani ya misuli na ini. Akiba hiyo si kubwa. Ikipungua, miguu inakuwa mizito, mikono inatetemeka na akili inachelewa. Mwenye kuchelewa kukanyaga breki na mzigo mzito mbele yake anaweza kupoteza mzigo, mguu, hata maisha. Njo maana chakula cha leo jioni ni usalama wa kesho asubuhi.

Jasho nalo linatoka na chumvi. Sisi tunakaa juu ya mita 2,000, hewa ni baridi na jasho linakauka haraka. Mutu anafikiri hakupoteza maji, kumbe shati lake limekauka na michirizi myeupe ya chumvi mugongoni.

Dawa iko ndani ya mfuko

Katika saa ya kwanza au ya pili baada ya kazi, misuli inapokea wanga kwa haraka kuliko saa zingine. Kipimo cha kuanzia ni karibu gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60, ni birayi vitano au sita vya ukubwa wa yai, vilivyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo. Ndizi, viazi vitamu, bugali au uji wa mahindi vinafanya kazi ileile.

Musifikiri hiki ni chakula cha maskini. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walijaribu waendesha baiskeli 12 waliozoea mashindano. Walitembeza kinga kwa saa 2, kisha wakashindana na saa. Siku moja walikula birayi vilivyopondwa, siku nyingine ile sukari nzito ya madukani ambayo wanamichezo hununua kwa bei kali. Birayi vilifanya kazi sawa na ile sukari. Tatizo walilosema wengine ni tumbo kujaa zaidi, kwa sababu walikula wakiwa wanaendesha. Kwa mtu aliyefika na kukaa chini, hilo si tatizo.

Wanga peke yake haitoshi. Misuli iliyochoka inatengenezwa na protini, karibu gramu 20 kwa mlo. Vibakuli viwili vidogo vya maharagi yaliyoiva vinakaribia kuifikisha. Kibakuli kimoja na kikombe kikubwa cha maziwa pia kinafikisha. Yai moja linaongeza gramu 6. Maziwa yana faida nyingine: yana maji, chumvi na sukari kwa pamoja, na mwili unayashika muda mrefu kuliko maji matupu. Yachemsheni kwanza.

Onyo moja kama mwagronomi: birayi vidogo vilivyokosa bei sokoni ni vizuri kwa sufuria. Lakini vile vya kijani, au vilivyoota machipukizi mengi, vina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoe. Musimpe mubebaji.

Kunywa kwa kipimo

Koperative zetu nyingi ziko na mizani ya kupimia mifuko. Mpimeni mubebaji kabla ya kuondoka na baada ya kufika, amevaa nguo zilezile. Akipungua kilo 1, anywe karibu lita 1 na nusu, pole pole, kwa saa chache. Pasipo mizani, aangalie mukojo: ukiwa mweusi kama chai, bado ana deni la maji.

Maji yaliyochemshwa pamoja na chakula chenye chumvi yanatosha. Asiyeweza kula bado, atengeneze hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asizidishe chumvi. Fanta inatoa sukari, lakini haina protini, na chumvi yake ni kidogo sana.

Na kasiksi? Na ile lutuku ya kufukuza baridi? Pombe haipashe mwili joto. Inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka nje. Pombe nyingi inakojoza, inazuia misuli kujitengeneza, na juu ya tumbo tupu inalala pamoja na faranga za safari. Anayependa kunywa, aanze na maji, kisha sahani, kisha kidogo, na asirudi barabarani siku hiyo.

Jambo la kujadili kwenye mkutano

Pendekezo ni dogo. Kila depo iweke sufuria moja: birayi, maharagi, chumvi, ndoo ya maji yaliyochemka. Kila mwanachama anayetoa mfuko atoe pia kopo moja la birayi vidogo. Mama mmoja alipwe kwa kupika. Mahali ambapo mzigo unapokelewa, ongeeni na wapokeaji wafanye vilevile, maana mubebaji anachoka zaidi kule anakofika kuliko hapa anakotoka.

Andikeni gharama hiyo katika daftari, kwenye mstari wa usafirishaji, pembeni ya kamba na mifuko. Musimu ukiisha, hesabuni: mizigo mingapi ilianguka, wabebaji wangapi walilala na ugonjwa, wangapi walituacha. Hapo mutajua kama sufuria ilikuwa ghali.