Mama, Deni la Simu na Aibu Isiyo Yako

Leo chanjo na lishe tunaziweka kando kidogo, tuzungumze juu ya mama anayekosa usingizi kwa sababu ya simu.

Chukua mfano wa mama anayeuza nyanya sokoni Namanga. Mtoto anaugua usiku, naye anakopa shilingi 2,000 kwa programu ya simu. Siku ya kulipa inapita. Kesho yake shemeji, mwalimu wa mtoto na mweka hazina wa chama wanapokea ujumbe kwamba yeye ni mwizi. Moyo unamwenda mbio, halali, na kama ananyonyesha, wasiwasi hufanya maziwa yachelewe kushuka. Jambo la kwanza analofanya ni kufuta zile jumbe ili mumewe asizione. Hapo anafuta ushahidi wake.

Wale wakopeshaji walipataje namba za jamaa zake? Alipoweka programu hiyo, simu ilimuuliza kama majina yote aliyohifadhi yasomwe, akabonyeza ndiyo. Wengi wetu tunabonyeza bila kusoma. Lakini kubonyeza huko hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kumtangaza. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zilimkataza mkopeshaji wa mtandaoni kutisha, kutukana, kuwapigia jamaa za mteja bila idhini, au kumwanika mteja mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda hata hao jamaa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Ilikuwa imechukua majina na namba za watu kutoka kwa watu wengine, kisha ikawatumia jumbe za vitisho.

Kwa hivyo usifute. Hifadhi picha ya ujumbe, andika tarehe, saa na namba iliyotuma, na umwombe shemeji atunze ule wake. Kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data hakulipiwi. Unaweza kueleza kwa mdomo, maofisa wakaandika, na sheria inawapa siku 90 kulimaliza lalamiko. Shemeji na mwalimu pia wanaweza kulalamika wenyewe. Ukitishiwa kuumizwa, nenda polisi upate namba ya OB. Kukopa si kuiba, na kuitwa mwizi mbele ya watu ni kashfa unayoweza kuipeleka mahakamani. Usichelewe tu, maana muda wa kushtaki ni miezi 12.

Deni lenyewe lingalipo, tusidanganyane. Mwombe mkopeshaji akupe kwa maandishi kiasi kilichobaki, mkubaliane namna ya kulipa kidogo kidogo.

Na mama, yakikujia mawazo ya kujidhuru, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu leo hii, fika kituo cha afya kilicho karibu, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.