Dawa Mwilini, Mawimbi Ubongoni

Mgonjwa anayesubiri upasuaji aghalabu huwa na hofu mbili: kwamba atazinduka kabla kazi haijaisha, au kwamba hatazinduka kamwe. Hofu zote mbili zagusa jambo moja, nalo ni uhusiano baina ya kiasi cha dawa ya usingizi mwilini na utendaji wa ubongo.

Propofoli hudungwa mshipani, ikafika ubongoni kwa njia ya damu na kutuliza mawasiliano ya seli za neva. Mabadiliko hayo huonekana kwa vipima umeme vinavyobandikwa kwenye paji la uso. Aliye macho huwa na mawimbi madogo yaendayo kasi. Dawa ikiongezeka, hutokea mawimbi makubwa yasiyofika moja kwa sekunde, pamoja na mengine ya mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ikizidi mno, ubongo hunyamaza kwa vipindi.

Hata hivyo, kiasi cha dawa peke yake si kipimo cha kutosha. Dozi inayomlaza kijana yaweza kumzamisha mzee kupita kiasi. Tena dawa hutangulia kupanda katika damu, ndipo ubongo ufuate; anayeongeza dozi bila kusubiri huweza kuzidisha. Ketamini nayo, inayotumika sana katika hospitali za Afrika, huweza kuyachangamsha mawimbi ilhali mgonjwa hajitambui. Kwa sababu hiyo, mashine zinazogeuza mawimbi kuwa namba kati ya 0 na 100, ambapo 40 hadi 60 huhesabiwa kuwa usingizi wa kufaa, zaweza kupotoka.

Uchunguzi wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba taarifa za kuzinduka katikati ya upasuaji ni moja kwa kila wagonjwa 19,000 hivi. Nyingi zilihusu waliopewa dawa za kulegeza misuli, kwani aliyelegezwa hawezi kuinua hata kidole kuomba msaada.

Pasipo mashine, mtaalamu wa usingizi hufuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho na machozi, ingawa dalili hizo hazitoshi kuthibitisha kwamba mgonjwa hajitambui. Mgonjwa naye ana wajibu: aeleze bila haya dawa anazotumia, pombe anayokunywa, na lolote lililompata katika upasuaji uliopita. Maelezo hayo humwongoza mtaalamu kuchagua dozi kabla wimbi la kwanza halijabadilika.