Ganzi ya Vidole na Kibodi ya Kompyuta

Zamani kazi ya kuchapa ilikuwa ya katibu wa ofisi kubwa. Siku hizi, kuanzia Mbulu na Haydom hadi Katesh, makarani, walimu na vijana wa steshenari hushinda kwenye kompyuta. Baadhi yao huja hospitali wakilalamika kwamba vidole vinakufa ganzi usiku.

GANZI HUTOKA WAPI?

Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, mshipa huo hubanwa. Mgonjwa husikia ganzi na michomo kama ya sindano katika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Usiku huamka akikung'uta mkono. Akichelewa kutibiwa, misuli ya gumba hulegea na vikombe humponyoka.

Kibodi si chanzo pekee. Ujauzito, kisukari, baridi yabisi na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo huchangia. Mama anayekamua ng'ombe alfajiri, akalima, kisha akachapa ofisini, mkono wake haupati kupumzika.

JE, KIBODI NYEMBAMBA INASAIDIA?

Ziko kibodi za mekanika zilizo nyembamba na zisizo na waya. Kila kitufe kina springi yake, nacho hushuka kama milimita 3 badala ya 4 za kibodi nene ya aina hiyo. Herufi huandikwa kabla kitufe hakijafika chini. Hakuna haja ya kugonga kwa nguvu kama kwenye taipureta. Kwa kuwa kibodi ni nyembamba, kifundo hakilazimiki kukunjwa kwenda juu. Kwa kuwa haina waya, unaisogeza hadi mahali panapoufaa mkono.

Lakini kibodi si dawa. Ukiiweka juu ya meza iliyoinuka mno, mabega yatapanda na kifundo kitakunjwa vile vile.

FANYA HAYA, HATA KWA KIBODI YA KAWAIDA

1. Kaa viwiko vikiwa usawa wa kibodi. Meza ikizidi, inua kiti kwa mto na uweke miguu juu ya kisanduku.
2. Kunja vijiguu vya nyuma vya kibodi, vinakunja kifundo.
3. Usiegemeze kifundo kwenye ukingo wa meza unapochapa.
4. Kila nusu saa simama, nyoosha vidole. Asubuhi za baridi ya Mbulu, pasha mikono moto kwanza.

Kibodi isiyo na waya hutumia betri. Usiitupe motoni, maana nyingine hulipuka. Betri ya kitufe ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mkimbize hospitali mara moja.

NENDA HOSPITALI LINI?

Ganzi ikikuamsha usiku kwa majuma mawili, au mkono ukipungua nguvu, usiendelee kumeza diklofenaki za dukani. Huumiza tumbo na figo. Mapema, mara nyingi kifaa cha kunyoosha kifundo usiku hutosha. Ukichelewa, huenda ukahitaji upasuaji. Ukiona pia baka la ngozi lisilo na hisia, usingoje hata siku moja: huenda ni ukoma, nao unatibika.