Je, Wajua? Dawa ya Homoni na Huzuni ya Mama
Je, wajua kwamba sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, wanayoijua akina mama wengi wa Kavimvira, mjini Uvira, ina medroksiprojesteroni, homoni iliyomo pia katika baadhi ya tiba za joto la ghafla hedhi inapokaribia kukoma? Katika tiba hizo estrojeni ndiyo hutuliza joto. Homoni jamii ya projesteroni, kama hiyo medroksiprojesteroni, hulinda mfuko wa uzazi, lakini kwa baadhi ya wanawake huleta huzuni na hasira.

Wapo watakaosema kwamba Uvira, baada ya mafuriko ya Aprili 2020 na vita, mtu hahitaji homoni ili ahuzunike. Ni kweli, na ndiyo maana inafaa kuandika tarehe za dawa na za huzuni katika daftari: huzuni inayokuja siku za kutumia projesteroni na kuondoka zikiisha inaielekeza shaka kwenye dawa. Hapo daktari anaweza kubadilisha aina au kiasi. Mwenye mfuko wa uzazi asiiache projesteroni akabaki na estrojeni pekee: ukuta wa ndani wa mfuko huo hunenepa na hatari ya saratani huongezeka. Huzuni iliyofikia kutamani kufa haingoji daftari; mwenye nayo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.