Nyuzi za Kamshafti: Vali Hufunguka Lini, na kwa Muda Gani?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Humo lori lililosheheni hutambaa juu ya matuta kwa hadhari ya wanyama wavukao, kisha likishatoka hifadhini hutakiwa kushika mwendo. Kaskazini yake, katika mashamba ya mkonge ya Kilosa, trekta hufanya kazi kutwa kwa mzunguko wa chini wa injini. Vyombo hivi havihitaji pumzi ya namna moja, na pumzi ya injini hutawaliwa na ufito wenye nundu uitwao kamshafti.

Katika injini ya mapigo manne, krankshafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti yazunguka mara moja. Nundu husukuma vali ikafunguka. Ikishapita, springi huifunga. Mafundi hulipima tendo hilo kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, wala si kwa sekunde, kwa kuwa sekunde hubadilika kila dereva akanyagapo mafuta.

Mwanafunzi aweza kudhani kwamba vali ya kuingiza hewa hufunguka pistoni ianzapo kushuka na kufungwa ifikapo chini, yaani nyuzi 180. Sivyo. Ikifunguka nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na kufungwa nyuzi 50 baada ya pistoni kupita chini kabisa, basi hukaa wazi kwa 10 + 180 + 50, yaani nyuzi 240. Hewa ina uzito. Ikishashika mwendo haisimami ghafla, bali huendelea kuingia silindani hata pistoni ikiwa imeanza kupanda.

Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, nyuzi hizo 240 huchukua sekunde 0.04. Ikizunguka mara 6,000, huchukua chini ya sekunde 0.007. Ndiyo sababu magari ya mashindano hupewa kamshafti yenye nyuzi nyingi zaidi, labda 280 au zaidi. Lakini ole wake dereva atakayeitia kamshafti hiyo katika gari la mizigo! Kwenye mzunguko wa chini hewa haina kasi ya kutosha, na pistoni ipandapo huisukuma irudi ilikotoka. Nguvu ya kuvuta hupungua, mafuta huliwa bure, na injini hutetemeka gari lisimamapo. Honda, mwaka 1989, ilianza kuuza gari ambalo injini yake hubadili nundu kulingana na mzunguko, ili kupata faida za pande zote mbili.

Wakati wa kufunguka nao una uzito uleule. Gurudumu la krankshafti likiwa na meno 20 na la kamshafti meno 40, fundi akikosea jino moja tu wakati wa kufunga mkanda, vali zote hupotoka nyuzi 18. Vali iliyopaswa kufungwa nyuzi 50 baada ya chini sasa yaweza kufungwa kwenye 68, na gari likawa gumu kuwaka. Kosa likizidi, katika injini nyingi pistoni hugonga vali na kuipinda.

Shule yenye injini kuukuu yaweza kulipima jambo hili: bamba la duara lililogawanywa nyuzi 360 hufungwa kwenye krankshafti, waya ukawa mshale, na injini ikazungushwa kwa mkono. Ugumu ni kuamua vali "imefunguka" lini, maana huanza kuinuka polepole mno. Watengenezaji wengi wa Marekani huhesabu tangu inyanyuko la milimita 1.27, wengine huanza mapema zaidi. Kwa hiyo kamshafti ileile yaweza kuandikwa nyuzi 270 katika orodha moja na 220 katika nyingine, na muuzaji asiyetaja alipoanzia kuhesabu hajamwambia mnunuzi lolote.