Akiba ya Nuru

Mtu asimamaye ufukweni Musoma usiku usio na mbalamwezi, akazitazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyotapakaa ziwani, huiona nuru ikifanya kazi yake ya kale, nayo ni kuita. Ama kazi yake ya kuchukua habari ina ajabu zaidi, kwani mwaka 1992 Charles Bennett na Stephen Wiesner walidhihirisha kwa hesabu kwamba fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, yaweza kuwasilisha habari maradufu ya kadiri yake ya desturi.

Natupige mfano. Chombo kiwekwe Butiama, kizae fotoni mbili zilizofungamana, ambazo hali ya moja haielezeki pasipo ya pili. Moja ipelekwe Musoma ihifadhiwe, nyingine Bunda. Mfanyabiashara wa Bunda ana kauli nne kwa mchuuzi wa Musoma: leta sato, leta sangara, leta dagaa, au usilete kitu. Kwa desturi fotoni moja, ikisomwa kwa mwelekeo wa mtetemo wake, hujibu ndiyo au siyo tu, hivyo kauli nne zataka fotoni mbili. Lakini huyu wa Bunda huiacha fotoni yake ilivyo, au huugeuza mtetemo wake, au huigeuza awamu ya wimbi lake, au hufanya yote mawili. Kisha huituma Musoma, zipimwe zote mbili kwa pamoja, na kauli idhihirike. Mwizi akiinasa njiani hasomi kitu, maana habari haimo katika fotoni moja, bali katika uhusiano wa mbili.

Wadhanio kwamba habari hufika papo hapo wamekosea, kwa kuwa Musoma haijui neno mpaka fotoni ya Bunda iwasili. Wala hapana cha bure, maana fotoni mbili zimesafiri, ila moja ilitangulia kabla kauli haijatungwa.

Mwaka 1996, mjini Innsbruck, Austria, Anton Zeilinger na wenzake walilitenda jambo hili, ingawa vyombo vyao viliweza kupambanua kauli tatu tu badala ya nne.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini akiba hii ya fotoni iliyotangulia huoza upesi, kwani fotoni hupotea katika nyuzi za kioo na ufungamano wake huvunjika kwa kuguswa kidogo, na kazi kubwa iliyowabakia wataalamu ni kujua namna ya kuihifadhi.