Fahamu: Kwa nini mazishi ya Othaya hutazamwa hadi Toronto

Kanada ina watu zaidi ya milioni 1 wenye asili ya Ukraine. Wakulima wa kwanza walifika mwaka 1891, na leo wana makanisa, magazeti na vyama vyao. Wenyeji wa Nyeri, Karatina na Nanyuki walioko Amerika Kaskazini hawajafikia idadi hiyo, ila njia ni ile ile: kanisa, lugha ya nyumbani na mchango.

Mchango ndio mzizi. Mtu akifariki ughaibuni, familia moja ni nadra kumudu gharama ya kusafirisha mwili. Hufunguliwa kundi la WhatsApp, watu hukutana kwa maombi, kila mmoja hutoa alichonacho. Mazishi hurushwa moja kwa moja mtandaoni, desturi iliyoshika kasi 2020, Covid ilipobana waombolezaji hadi 15. Habari nyingine huletwa na Inooro FM na Kameme FM, kwa Kikuyu, kupitia intaneti.

Kwenye siasa, sauti yao ni ndogo mno. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Lakini mwaka 2013 ni walioko Afrika Mashariki tu waliopiga kura. Kanada iliongezwa 2022, na daftari lote la ughaibuni lilikuwa na wapiga kura 10,443. Nao humchagua rais pekee: mzaliwa wa Mathira anayeishi Toronto, hata akiwa ndiye alipaye karo za wapwa wake wote, hapigi kura ya gavana wa Nyeri.